Kiboko wa Mtondooni na Ramani ya Pazia

Shule ya Msingi Mtondooni,
Delta ya Rufiji,
14 Mei 1994.

Ndugu Mhariri,

Kwanza pole na kazi. Mimi ni Leodgar Mapunda, mzaliwa wa Songea, mwalimu wa jiografia hapa Mtondooni mwaka wa sita sasa. Nakuandikia wewe kwa sababu ofisi ya wilaya nimeshakwenda mara tatu, na kila safari ni siku mbili: mtumbwi mpaka Nyamisati, halafu miguu.

1. Kiboko anakula mpunga wa Bi Mwanaamina, mjane mwenye majaruba manne. Yamebaki mawili. Niliomba bwana nyama, yaani askari wa wanyamapori, aje na bunduki. Ofisa mmoja, nisiyemtaja kwa heshima, alitandaza ramani mezani, akaweka kidole, akasema: "Mwalimu, hapa ni bahari. Baharini hakuna mpunga."

2. Kama hapa ni bahari, basi nafundisha samaki arobaini na wawili, na saba kati yao wanafanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa. Naomba msimamizi atakayeletwa awe anajua kuogelea.

3. Shule haina ramani ya ukutani. Kwa kuwa mitumba sasa ni ruksa, tulinunua mnadani Kibiti pazia la Ulaya lililochapwa ramani ya dunia ya miaka mia nne iliyopita. Mkaguzi wetu, Bi Winifrida, aliliona, akacheka, akaamuru liondolewe. Nakiri lina makosa. Mto Nile unatoka Milima ya Mwezi. Kusini kabisa kuna bara kubwa ambalo mchoraji alilikisia tu. Na usawa wa Mkongo, hapa hapa Rufiji, kuna watu wasio na vichwa, wenye macho kifuani. Nimekwenda Mkongo. Watu wana vichwa, tena walinikaribisha vizuri.

4. Lakini penye mlango wa Rufiji, kwa jinsi nilivyopima kwa rula, pana dubwana nene la kahawia, mdomo wazi, limegeukia nchi kavu. Bi Mwanaamina alipoliona alishika kiuno: "Ndiye huyu huyu! Hata anavyosimama." Mchoraji ambaye hakuwahi kukanyaga huku alimjua kiboko wetu kabla wilaya haijazaliwa.

5. Kwa hiyo naomba pazia litangazwe kuwa ramani rasmi ya delta. Ikishindikana, ofisa aje asimame pale alipoweka kidole. Akizama, nitaomba radhi kwa maandishi.

Nisalimie wote hapo gazetini, hasa anayepanga herufi. Mtondooni ina o tatu, asitupunguze zaidi ya tulivyopunguzwa.

Wako, nikiwa nchi kavu,
Leodgar Mapunda.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Bi Zamda, mke wa mwalimu mkuu, amelifua pazia ili nikilipeleka ofisi ya wilaya lifike likiwa safi. Dubwana limetoka na povu. Lilikuwa doa la mchuzi. Watu wasio na vichwa wamebaki imara. Kiboko naye leo alfajiri amemaliza jaruba la tatu, na Bi Mwanaamina anauliza kama ipo sabuni ya kumtoa huyo.