Vitu vya Mbali Huwa Vidogo

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu Mkuu kaniita ofisini. Nafasi ni moja, sisi ni wawili: mimi wa uchoraji, na shemeji yangu wa muziki. Ijumaa atapita madarasani, kisha mmoja wetu afungashe virago. Kasema michoro ya watoto wangu imelala kama shuka lililopigwa pasi. Anataka kina. Nikamwambia kina ndiyo fani yangu. Sijawahi kukichora.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima kitabu. Kumbe rahisi! Cha karibu kikubwa, cha mbali kidogo, cha mbele hukiziba cha nyuma. Watoto wakaelewa upesi kuliko mimi, jambo lililoniudhi. Binti wa dawati la mbele akauliza kama mtu mdogo kwenye picha ana cheo kidogo. Nikamjibu cheo hakihusiki hata kidogo.

Baadaye nikawaza: kwa nini kisihusike?

Alhamisi, 6 Juni
Mpango umeiva. Picha ya ukuta mzima: walimu wote uwanjani. Mimi mbele kabisa, brashi mkononi, kifua nje. Shemeji kule mwisho, kwenye vyoo, kama sisimizi. Raha tupu. Binti akauliza Mwalimu Mkuu akae wapi. Nilimsahau! Mbele nimepajaza mimi. Nikasema wamtie palipobaki, nyuma ya shemeji.

Ijumaa, 7 Juni
Mwalimu Mkuu kaja. Kaisifu picha, kasema uwanja unaingia ndani kweli. Nikaanza kumwonea shemeji huruma. Kisha akauliza ile nukta mlangoni mwa choo ni nini. Binti akamwamkia kwanza, kwa adabu zote, ndipo akamwambia ni yeye.

Nikaeleza kwamba cheo hakihusiki. Shemeji akakohoa, tena kwa sauti ya kuimba. Mwalimu Mkuu akaniambia nikusanye brashi zangu niende mbali, nimalizie somo kwa vitendo.

Getini nikageuka. Mwalimu Mkuu alikuwa mdogo kama njiti ya kiberiti. Kwa hiyo nilifundisha sawasawa.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji kaja kula kwetu, na filimbi yake. Roho iliniuma. Mke wangu kasema nimwache kaka yake, nikamwombe Mwalimu Mkuu radhi. Radhi tu haitoshi. Namchora upya, safari hii peke yake, mbele. Karibu kabisa, asinung'unike tena.

Pua peke yake imeshamaliza karatasi ya kwanza.