Uso wa Mpiga Dramu wa Mawe Moto

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo nimepata njia ya kumwoa Nasra. Imekuja yenyewe mpaka kwenye duka langu la picha, imefungwa kwenye kanga.

Kaileta mama yake, Bi Zuwena. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, moja ya heshima, moja ya nia. Akafungua kanga, akatoa picha. Ya mwaka sabini na tatu, nyeusi na nyeupe, imeliwa na chumvi ya Tanga hii mpaka imeota vipele. Bendi ya Mawe Moto! Vijana wa hapa hapa Ngamiani waliokuwa wakipiga roki ya magitaa ya umeme, nywele vichaka, suruali bugaluu, viatu raizoni. Picha aliipiga marehemu mumewe akiwa katikati ya watazamaji. Yaani sehemu kubwa ni visogo vya watu, na mkono mmoja unaopunga. Jukwaani, nyuma kabisa, yupo mpiga dramu. Ndiye Rama, kaka pekee wa Bi Zuwena. Mwaka uliofuata alivuka mpaka wa Horohoro kwenda kupiga Mombasa, akaugua, akafia huko. Picha yake nyingine hakuna duniani.

Bi Zuwena anataka amwone kaka yake vizuri kabla macho hayajamzimikia. Nikamwambia Alhamisi iko tayari. Akashangaa. Kasema Uweso alitaka wiki tatu.

Uweso! Yule wa studio ya ng'ambo ya barabara, anayevaa glavu nyeupe kushika picha kama anaosha maiti. Kumbe walimpelekea yeye kwanza. Ameshaipitisha kwenye skana, sasa anaisafisha kwenye kompyuta, doa moja moja. Mimi siku tatu tu! Mama atafurahi, nitapeleka posa, kwisha kazi.

Nina miaka arobaini na moja. Nasra ameachika, anafundisha darasa la nne, na akicheka anacheka kwa pua. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu mwenyewe sijapata kumwambia.

Jumanne, 4 Juni

Balaa.

Nilitaka kuisafisha kwa mkono kwanza, kabla ya kuipiga picha kwa simu. Ukungu ulikuwa umemkaa Rama usoni. Nikachukua pamba, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo. Nikapitisha taratibu. Ukungu ukatoka. Nikafurahi, nikapitisha tena. Nikatazama picha: Rama hana uso. Nikatazama pamba: uso uko huko.

Nywele zipo. Fimbo za dramu zipo. Katikati pameachwa doa jeupe, dogo kama punje ya hindi.

Ile pamba nimeifunga kwenye karatasi nikaiweka kabatini. Sijui ya nini. Kuitupa nimeshindwa. Ni kaka wa mtu.

Nimefunga duka mapema. Uweso kanipungia mkono kutoka ng'ambo, na glavu yake.

Jumatano, 5 Juni

Kuna programu ya simu inayojidai kurudisha uso wowote. Nimeipa picha. Mara ya kwanza Rama kawa Mzungu mwenye meno mengi. Mara ya pili kawa mwanamke. Mara ya tatu imemwacha Rama vilevile na kuupa uso ule mkono unaopunga. Mkono una macho! Nimeifuta programu, na bado nauona.

Nikamfuata Laurenti, jirani yangu muuza mkaa. Mbondei, mpole, ana uso wa kizamani hasa. Nikamwomba nimpige picha. Kauliza ya nini. Nikasema kuna marehemu anahitaji uso. Kaniambia mgosi, shika adabu yako, akaingia ndani akafunga mlango.

Ukabaki uso mmoja tu usiohitaji maelezo. Wangu.

Nimeazima wigi la dada yangu. Nimekaa kwenye kigoda, miiko miwili mkononi, kichwa nimekiinamisha kama mtu aliyezama kwenye muziki. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Kisha humo humo kwenye simu nikaupunguza uso wangu, nikauingiza penye doa, nikautia ukungu kidogo. Subhanallah! Umekaa kama nilizaliwa na bendi.

Halafu likaja wazo jingine, zuri kuliko lile la kwanza. Bi Zuwena akiniona nafanana na kaka yake kipenzi, atanipendaje! Mtu mwenye sura ya Rama hawezi kunyimwa binti. Nacheka peke yangu hapa.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi!

Nimeipeleka mwenyewe, nimeichapisha kubwa, fremu rangi ya dhahabu. Bi Zuwena akavaa miwani. Akatazama picha. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye picha. Kisha akanishika kidevu, akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia. Akasema huyu ni Rama mtupu, mpaka sikio. Kaniuliza kama nina watu Mombasa. Nikasema huenda.

Nasra alikuwa mlangoni na madaftari ya wanafunzi. Kacheka kwa pua. Kwa ajili yangu!

Mama kasema nije kesho baada ya sala ya Ijumaa, ana jambo la kutangaza mbele ya watu. Mbele ya watu! Nimepeleka kanzu kwa dobi, nimemwambia aipige pasi mara mbili.

Ijumaa, 7 Juni

Kanzu imenyooka. Kofia ya viua. Udi nimejifukiza mpaka nimekohoa. Nafika uani kwa Bi Zuwena, majirani wamejaa, kuna halua na kahawa. Ukutani imetundikwa picha, na mimi nimo ndani yake napiga dramu.

Bi Zuwena akasimama. Kasema miaka hamsini yeye hana kaka, na binti yake hajapata kuwa na mjomba. Leo Mungu kamkumbuka. Huyu Badru mnayemwona, sura yake ndiyo ile pale ukutani. Kuanzia leo ni kaka yangu. Ni mjomba wa Nasra.

Watu wakasema mashaallah. Mimi halua ilikuwa mdomoni, haikwenda mbele wala haikurudi nyuma.

Nasra akaja, akainama kidogo, akaniambia shikamoo mjomba.

Ningefanya nini? Nikasema marahaba.

Baadaye nimemvuta shekhe pembeni, nikamuuliza kwa niaba ya rafiki yangu, kama mjomba wa kutangazwa anaweza kumwoa mpwa wake. Kasema sheria haimzuii, kwa sababu hapo hakuna damu. Nikashusha pumzi. Akaongeza kwamba ila mtaa mzima umemsikia rafiki yangu akiitikia marahaba, sasa ataposa kwa uso gani?

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kanzu imeingia tope.

Jumatatu, 10 Juni

Ujomba ni kazi. Jumamosi nimeziba bati la choo cha Bi Zuwena. Jana nimetumwa Pangani, kwenye shamba lake dogo ng'ambo ya mto, nikachukue nazi. Kwenye kivuko gunia likapasuka. Nazi zikabingirika chini ya lori, nami nikatambaa kuzifuata, abiria wakinielekeza kwa furaha. Ile hapo mzee! Ile nyingine!

Nimefika Tanga nimechoka kabisa. Nasra kapiga simu kuuliza kama mjomba amekula.

Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema sijala. Akaleta wali na samaki wa nazi. Tatizo ni hilo. Nimeanza kuupenda huu ujomba, na sikuja kwa ajili yake.

Alhamisi, 13 Juni

Posa imeingia kwa Bi Zuwena. Si yangu.

Ya Uweso! Glavu nyeupe! Kumbe muda wote huu Nasra alikuwa akienda studio kwake kuangalia picha inaendeleaje. Doa moja moja. Na ameshakubali. Uweso kaletwa na baba yake mkubwa, mzee Mwinyijuma, na mimi nikaitwa nikae mkekani kuwapokea, maana ndiye mjomba.

Nikajikaza. Nikatafuta upenyo. Ikafika zamu ya kutaja zawadi za upande wa bibi harusi, mkaja wa mama, kilemba cha mjomba. Hapo! Nikasema kilemba peke yake hakitoshi. Mila ya ukoo wetu inataka na beberu, mweupe pepe, asiye na doa hata moja, atoke Amani kule juu, na aje kabla ya harusi. Neno doa nililitamka polepole nikimtazama Uweso.

Bi Zuwena akanitazama. Hajapata kuisikia hiyo mila ya ukoo wake.

Mzee Mwinyijuma akauliza kama wawili watatosha. Mkewe kwao ni Amani. Wanafuga weupe watupu.

Jumamosi, 22 Juni

Harusi imepita. Nimebeba viti. Nimegombana na mpishi kuhusu chumvi ya pilau. Nimemkimbiza beberu wangu mmoja aliyetafuna maua ya bibi harusi. Yote hayo nikiwa na kilemba kichwani.

Alasiri, Uweso kamletea Bi Zuwena zawadi. Picha ndogo, fremu ya mbao. Amemaliza. Visogo vyote vipo, vimetulia. Ule mkono unapunga, hauna macho. Na nyuma kule, nusu amefichwa na lile sinia la shaba la dramu, yupo kijana. Uso mdogo, hafifu. Ana mwanya. Anacheka. Hafanani na mimi hata kidogo.

Bi Zuwena aliishika kwa mikono miwili. Akasema Rama, jina tu, kama mtu anayemwita mwenzake aje kula. Mimi nililia. Kilemba nilikishusha usoni, nadhani hakuna aliyeona.

Nilijua nimekwisha. Nikamfuata jikoni nimwambie ukweli, akanikata kauli. Kasema macho yake mabovu lakini hajawa kipofu. Kaka yake alikuwa na mwanya wa kupitisha kidole, angemsahau vipi? Alijua tangu Alhamisi ile. Nikamuuliza kwa nini basi alinitangaza. Kasema Nasra alikuwa keshachagua mtu wake, na yeye hakuwa na moyo wa kunifukuza, mtu mzima niliyevaa wigi (dada alimsimulia) kwa ajili ya nyumba yake. Tena binti alikuwa anaolewa bila mjomba. Umeazima sura ya kaka yangu, kaniambia, basi na mizigo yake ubebe.

Nikatoa mfukoni ile karatasi yenye pamba, nikamweleza ni nini. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo mara mbili. Kisha akanitwisha sinia la pilau nipeleke kwa wanaume.

Nasra alipokuwa anatoka, machozi yote, alinitafuta mimi aniage. Kwaheri mjomba. Nilimwombea heri, na nilimaanisha. Karibu yote.

Jumapili, 23 Juni

Nimetafakari tangu alfajiri. Kosa langu nimeliona, liko wazi kabisa. Nilichagua ndugu asiyefaa. Mjomba! Nani alinituma?

Yule mpishi niliyegombana naye anaitwa Mwanamkasi. Mjane. Beberu aliponiangusha alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Ana kicheko kizuri sana. Baadaye tukapatana juu ya chumvi, akanieleza kwamba bibi yake kule Pangani naye ana picha ya Mawe Moto, imepigwa kutoka kwa watazamaji vilevile. Marehemu babu yake ndiye aliyekuwa mwimbaji, mtu mzima kuliko wote bendini. Mende wamemla uso.

Wamemla uso wote! Nikamwambia ailete, siku tatu tu.

Sasa babu ni jambo jingine kabisa. Babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu mke wangu mbele ya halaiki, naye huitika, na watu wanacheka. Nusu ya posa imeshapita kabla sijafungua mdomo!

Uweso, ambaye sasa ni mkwe wangu, kanisihi nisiiguse picha mpaka aipitishe kwanza kwenye skana yake. Nimemwambia mkwe hamfundishi mjomba kazi. Pamba ninayo.

Wigi nimemrudishia dada. Babu wa Mwanamkasi alikuwa na upara. Kesho asubuhi naenda kwa kinyozi.