Vijiti Kumi na Viwili vya Japani

Ildefons alizaliwa Miembeni mjini, akakulia Miembeni, na kilimo chote alichowahi kufanya ni kuchagua ndizi kwenye sahani. Ndiyo maana siku alipokwenda Ijuganyondo kutazama kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake, kibanja chenyewe hakukitazama. Kilikwisha kupata mnunuzi, bwana Zahoro, ya nini kukitazama tena?

"Mwanangu," jirani yake, Ma Joviana, alimwita, "kabla hujauza, zile hatua kumi za kando ya barabara, zenye mibuni yangu, baba yako alizimega. Miaka kumi na minane nadai."

"Ma Joviana, waitu, ya marehemu yamekwenda na marehemu."

Ma Joviana akatoa simu yake. "Basi tazama hili. Binti yangu kanitumia picha kutoka Denimaki. Eti mti wa kwinsi, asili yake Japani. Vijiti vitupu, lakini vimejaa maua mekundu! Laiti ningepata."

Vijiti vitupu! Moyo wa Ildefons ulipiga magoti ukashukuru. Anayetaka maua atakusumbua, lakini anayetaka vijiti?

"Mungu ana mipango. Mimi ndiye wakala wa kwinsi kanda ya ziwa nzima."

"Wewe? Mtoto wa Rugaibula?"

"Mzigo uko Muleba, unapumzika safari."

Kesho yake alikwenda Muleba kweli. Hakupenda kudanganya pale ambapo nauli ilitosha. Pembezoni mwa migomba ya watu akaona mti ulionyooka. Akakata vijiti kumi na viwili, akavipukutisha majani yake marefu, akachovya ncha kwenye nta ya mshumaa mwekundu. Vikawa Wajapani kamili, vilikosa pasipoti tu.

Ma Joviana alipokea kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa. Kisha akatupa jicho upande wa mibuni.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Ukiona jani, ujue umeibiwa. Kwinsi halisi hutanguliza maua."

"Yatatoka lini?"

"Mwaka wa tatu." Kufikia hapo Ildefons angekuwa Mwanza, au popote pasipo na Ma Joviana.

"Nachukua vyote. Ila unipandie mwenyewe, Jumamosi. Mkono wa fundi una baraka."

Jumamosi alikuta kamba imevutwa na vishimo vimechimbwa, tena hatua kumi kutoka barabarani, kwenye mibuni. Ya nani? Hakuuliza, kwake mibuni ilikuwa mibuni. Wazee sita walikaa kwenye viti, na mwenyekiti wa mtaa, mzee Mushumbusi, amevaa koti la ibada. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilizunguka.

"Na hawa?"

"Wamekuja kuona Japani."

Hadhira! Ildefons alikunja mikono ya shati. Kila kijiti alikihutubia kabla ya kukifukia.

"Unapanda kwa hiari yako, kijana?" aliuliza Mushumbusi.

"Kwa moyo mweupe, mzee!"

Wazee wakatafuna kahawa, wakaitikia kwa vichwa. Naye akatafuna, akapokea bahasha yake, akaondoka akipiga mluzi.

Baada ya miezi miwili Zahoro alikuja na futi kamba, Ildefons akimwongoza, wakawakuta Mushumbusi na Ma Joviana. Vijiti vilikuwa vimechipua majani marefu ya kijani.

"Mbona kibanja hakifiki barabarani?" Zahoro aling'aka. "Gari langu litaingilia wapi?"

"Mpaka ndio huo," alisema Mushumbusi. "Kijana kaupanda mwenyewe, mchana, mbele yetu, na kahawa ya mapatano tukatafuna."

"Nilipanda maua!"

"Maawe! Ulipanda mulamula, mti wetu wa mipaka. Hata mtoto wa chekechea huku anaujua. Baba yako aliung'oa palepale, wewe umeurudisha. Umemtendea haki marehemu."

Zahoro alikunja futi kamba yake, akaondoka bila kuaga.

"Usihuzunike, mwanangu," Ma Joviana alimpapasa bega. "Kilichobaki nitakinunua mimi."

Uso wa Ildefons ukachangamka. "Lini, waitu?"

"Kwinsi zikichanua tu, njoo uchukue hela zako."