Kichwa cha Ishirini na Nne

Jumatatu, 6 Aprili
Wiki ya tano ya ndoa. Bado nikimwona akifunga kamba za viatu moyo unaniruka! Mume wangu ana shahada ya uzamivu, na sasa anatafiti chuoni jinsi ubongo unavyopokea maneno. Anawavisha watu kofia yenye nyaya, wanasikiliza sentensi, mashine inachora. Msomi wangu! Ila leo mezani nimemwambia shangazi anakuja Jumamosi. Akajibu, "Mh." Nikamwambia kuna nyoka kwenye sinki. "Mh." Hakukuwa na nyoka, lakini yeye angejuaje?

Jumanne, 7 Aprili
Nimempelekea chakula kazini. Kisingizio tu. Chanzo cha "Mh" nimekiona: sentensi zote zimerekodiwa kwa sauti ya msaidizi wake. Nimempa jina Bi Asali. Anasema "Fundi amerudisha ngazi" utadhani anabembeleza mtoto. Mume wangu anamsikia kutwa, jioni masikio yameshashiba!
Mara akaingia profesa, mama mfupi mwenye miwani mbili, moja usoni, moja kichwani. Akatangaza kwamba mtu wa ishirini na nne wa kuvaa kofia amejitoa. Vichwa visipotimia Ijumaa saa sita mchana, mkataba wa mume wangu hauongezwi. Nikajitolea papo hapo. Mume akasema kwa upole, "Mke wangu, pale mtu anakaa kama sanamu." Nikamwambia mimi sanamu tangu kuzaliwa.
Siri yangu: Bi Asali akianza tu, ubongo wangu unagoma. Mashine ichore mstari mnyoofu, wote waone hana lolote.

Jumatano, 8 Aprili
Masharti: nywele zioshwe, zisipakwe mafuta. Nimeosha. Nikajitazama kwenye kioo. Ufagio! Nikae hivi mbele ya mume wangu, na Bi Asali anatazama? Matone matatu tu. Sayansi haitajua.

Alhamisi, 9 Aprili
Sayansi imejua. Kofia imeteleza hadi kwenye nyusi. Mume akaniosha nywele mwenyewe kwenye sinki la maabara, maji vuguvugu, vidole taratibu... nusura niwasamehe wote. Kisha chumba kisicho na dirisha, kuta za sponji. Bi Asali akaanza. Nikagoma kwa nguvu zangu zote, dakika arobaini! Nikatoka kifua mbele. Mume akanionyesha mchoro: milima mitupu. Kumbe nilikuwa nimeuma meno, mashine imerekodi taya mwanzo mwisho. Hakuna hata sentensi moja iliyofaa. Profesa akavua miwani zote mbili.
Nyumbani nimelia, nikakiri kila kitu. Mume akanipa leso. Halafu akasema shangazi anakuja Jumamosi, na atalala chumba cha chini kwa sababu ya goti lake, neno kwa neno nilivyomwambia. Nyoka hakuwepo, yeye mwenyewe alikwenda kuangalia nilipotoka. Tena akanikumbusha kwamba Jumapili nilisema naogopa atakuja kunyamaza kama baba alivyomnyamazia mama. Hilo nililisema nikidhani amelala! Akaniambia kutwa anatazama nyuso zilizotulia tuli huku ndani kazi ni kubwa, mpaka akasahau kwamba mtu wa nje haoni kitu.
Nimewaza sana. Siku zote nilidhani kusikilizwa kunaonekana usoni.

Ijumaa, 10 Aprili
Jana usiku mume alimpigia shangazi simu aje awe kichwa cha ishirini na nne, na leo shangazi amefika kwa basi la alfajiri. Shangazi, ambaye hata vichekesho vya harusini havikumtikisa shavu! Amekaa kwenye kiti cha maabara kama gunia la mchele. Alipotoka akasema binti anasoma vizuri, ila huyo fundi ngazi za watu alizichukua za nini? Mchoro wake safi kuliko yote. Saa tano na nusu profesa akatia sahihi.

Jumamosi, 11 Aprili
Mkataba umeongezwa! Nimejifunza. Sitamwonea mtu wivu tena maishani.
Ila kwenye chai amesifu mchoro wa shangazi mara nne. Nne! Eti "ubongo mzuri ajabu." Mimi mkewe hajawahi kuniambia hivyo. Profesa anatafuta watu wa awamu ya pili; nimeshajiandikisha, kwa jina la ukoo wa mama. Nafanya mazoezi ya usanamu mbele ya kioo. Nywele nimeosha.
Safari hii matone mawili tu.