Baba wa Kuazima

Redio ilisema asubuhi, lakini habari ilipofika kwenye benchi la kahawa la Mama Adija, pale mtaani Bwiza, ilikuwa imeshanenepa. Eti kila shule ya sekondari itakuwa na chumba cha kusikiliza watoto waliofiwa kwa sababu ya vita, na kila darasa litachagua delege wa kusemea wenzake bila kuogopa mtu.

Sylvère akaweka kikombe chake cha kahawa chini. Benchi zima lilimwita Opozisyo, yaani mpinzani, kwa kuwa tangu afiwe na mkewe hakuna kosa lisilokuwa la wakubwa. Mvua ikikataa, wakubwa. Buterere ikijaa maji, wakubwa. Hata kahawa ikizidi uchungu, alitafuta waziri wa kumbebesha.

"Wale hawasikie hata bunduki ya kule Gasenyi yenye kutikisa mabati," akasema. "Sasa watasikia mutoto?"

Révérien akakohoa. Alikuwa tarishi wa ofisi moja ya serikali, akaitwa Dosiye, yaani faili, na wizara zote alizitetea kama mali ya shemeji yake. "Chumba iko. Kwa shule ya mutoto wako wamekwisha kuweka viti mbili na pazia."

"Na ufunguo?"

Dosiye akakubali kwa shingo upande kwamba ufunguo unakaa mfukoni mwa prefe, mkubwa wa nidhamu shuleni, na prefe mwenyewe juma lililopita alikuwa kwenye semina ya kujifunza kusikiliza. Benchi likaangua kicheko.

Akilimali hakucheka, alikuwa anachovya andazi. Huyu Mkongo wa Uvira aliitwa Papa wa Wote, maana mwanafunzi aliyeambiwa "rudi na mzazi" na akaogopa mzazi wake, alikuja benchini kumwazima yeye. Malipo ni kunyweshwa chai. Akilimali alivaa koti lake la pekee, akainamisha kichwa mbele ya prefe, akamvuta mtoto sikio kidogo, mambo yakaisha. Sylvère aliipenda sana kazi hiyo. Mkubwa akidanganywa, yeye alilala vizuri.

"Na juma hii umezaa wangapi?" akamuuliza.

Akilimali akachungulia ndani ya kikombe. Adija akaanza kupangusa meza iliyokwisha kung'aa.

"Mumoja tu. Musichana, delege." Akasimulia kwa kukatakata: binti kachaguliwa, na kwenye kikao cha kwanza kasimama kuuliza kwa nini chumba cha kusikiliza kinafungwa. Prefe kamtoa nje, asirudi bila mzazi.

Opozisyo akapiga paja lake. "Uyo amelelewa. Baba yake ni mwanaume."

Dosiye akageukia barabarani. Ilibidi Adija aseme. "Baba yake ni weye, Sylvère. Joëlla alikuja hapa juzi, we ulikuwa Buterere. Alituapisha tusikwambie."

Sylvère akasimama, akakaa tena. "Mi niko muzima. Nimekufa lini?"

"Hujakufa," Akilimali akasema polepole. "Aliniambia: 'Tonton, papa akiingia pale atatukana kuanzia prefe mupaka rais, na mi ndiye nitafukuzwa.'"

"Ni ivyo tu?"

"Apana. Jana nilienda naye kama baba yake, prefe akamuuliza mbele yangu chumba ile anaitakia nini. Akajibu tangu mama yake afe hajapata fasi ya kulia. Kwa nyumba kuko mutu mumoja wa kusema, na anasema na redio."

Sylvère alitafuta mkubwa wa kumbebesha hilo. Alipita mawaziri wote kichwani, hakuna aliyelingana nalo.

"Kesho naenda miye," akasema.

Dosiye alimkumbusha kwamba hajawahi kumaliza kikombe bila kutukana. Akilimali akavua koti, akamkabidhi, kisha akasema atamsindikiza, asije akalichafulia jina koti.

Asubuhi wakafika shuleni, mikono ya koti ikiishia njiani kabla ya viganja vya Sylvère. Prefe alipowaona alimwendea Akilimali moja kwa moja, akampa mikono miwili.

"Papa Joëlla, karibu. Na uyu muzee?"

Maneno yote aliyoyaweka Sylvère tangu vita vianze yakamjaa mdomoni: mabati, mafuriko, ufunguo. Kisha akamwona Joëlla mlangoni, akitafuna ukucha kama mama yake alivyokuwa akifanya. Ukweli ukitoka, binti atafukuzwa kwa kuleta baba wa uongo.

"Mi ni baba yake mudogo," akasema. "Nimekuja kusikiliza."

Prefe akangoja aendelee. Sylvère hakuendelea. Prefe akangoja tena, na jinsi alivyongoja ndivyo alivyozidi kufurahi. Kwenye semina waliambiwa mtu wa namna hii ni adimu. Wazazi wote wanaokuja hapa wanataka kusema tu. Basi akatoa ufunguo mfukoni, akamwomba muzee amsaidie, aanze na mtoto wa ndugu yake, kwa kuwa yeye mwenyewe anawahi kikao.

Akilimali akabaki nje, akiuma mdomo asicheke.

Ndani kulikuwa na viti viwili na pazia kweli. Kwa mara ya kwanza Dosiye hakuwa amedanganya. Sylvère akakaa. Joëlla akakaa mbele yake, akalitazama koti, akaitazama mikono iliyobaki nje.

"Bonjour, papa mudogo," akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakukoma.

Sylvère akafungua mdomo. Akaufunga, akavuta pazia.