Vimba wa Arvīds

Jumatatu, 22 Aprili
Arvīds hali. Tangu homa ya mapafu, mume wangu amebaki mifupa na ubishi. Supu hataki. Uji wa shayiri hataki. Anataka samaki wa mtoni, vimba wa kwanza wa msimu, basi! Jirani Mirdza kasema mkwewe atamletea mmoja. Nikamwambia asijisumbue. Huyu atapona kwa mkono wangu, si wa Mirdza.

Jumanne, 23 Aprili
Nimekwenda maporomokoni na tenga. Vimba wanaruka maji kama mbuzi anavyoruka ua. Bibi yangu aliwadaka hewani kwa tenga hilihili. Nikapata mmoja! Akaja mlinzi wa mto, kijana wa juzi tu, akanikumbusha kwamba wakati samaki wanazaa ni marufuku kuvua. Nikasema natafuta kitambaa changu kilichoanguka. Akachungulia tengani, akauliza tangu lini vitambaa vina mapezi. Akamrudisha majini. Hana adabu.

Jumatano, 24 Aprili
Sokoni hakuna vimba. Nimenunua samaki mwingine wa mtoni, rauda. Ni ukoo mmoja, umbo karibu lilelile. Wakati wa kuzaa vimba huwa mweusi mgongoni, tumbo rangi ya chungwa. Mji wetu mzima wa Kuldīga unajua. Nikachemsha maganda ya vitunguu, kama ya kupaka rangi mayai ya Pasaka, nikampaka tumbo. Mgongoni masizi. Kapendeza kuliko vimba wenyewe.

Nikampelekea Arvīds kitandani, amwone kabla sijampika. Hakujali rangi. Akapitisha kidole mdomoni mwa samaki, taratibu, kama anapapasa uso wa mtoto.

"Vimba pua yake inaning'inia, mdomo uko chini," akasema. "Huyu mdomo uko mbele. Mke wangu, umemvika rauda nguo za Pasaka."

Nikasema labda kazaliwa hivyo. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikaogopa. Kisha akaniambia nimkaange.

Kammaliza. Kalamba na mwiba. Nimelia kidogo jikoni. Ni moshi.

Ijumaa, 26 Aprili
Mirdza kaleta vimba wa kweli, sijauliza mkwewe kamvua wapi, pua imening'inia kama ya mletaji. Arvīds kala nusu, kasema yule wa juzi alikuwa mtamu zaidi. Mirdza kanuna. Raha iliyoje!

Sasa Arvīds anataka samoni, yule mwenye nyama ya rangi ya waridi. Samoni, na pensheni hii! Sokoni rauda wamejaa, nyama nyeupe kama shuka. Nimemwomba Mirdza bitiruti. Sikumwambia za nini.