Nilivyomrudisha Majini Samaki wa Babu Cormac

Wenzangu, leo nimeadhirika. Tena mbele ya bata.

Nawaandikia nikiwa bado nanuka shombo na sina nguvu hata ya kwenda kuoga. Wanaonifahamu wanajua: siku za kazi niko ghalani karibu na uwanja wa ndege, wikiendi namtunza mzee mmoja hapa Irving, Texas, Babu Cormac. Ni Mwairishi, mkewe alishafariki. Binti yake wa pekee, Nora, anaishi Houston, na tangu Krismasi anasema baba yake ahamie huko kwenye nyumba ya wazee, kwa sababu chakula hakipiti na anazidi kunyong'onyea. Babu hataki kusikia. Na mimi sitaki aende. Kazi ni kazi, ndiyo, lakini yule mzee nimeshamzoea.

Kitu pekee kinachomchangamsha ni kusimulia uvuvi wa samoni kwenye mto wa kwao. Samoni anatoka baharini, anaupanda mto akishindana na maji. Cormac kijana amesimama na baba yake, maji ya kiuno, baridi ya kukata masikio. Anarusha uzi. Anangoja. Anarusha tena. Hadithi hiyo ananipa kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na mimi huisikia vizuri kabisa mpaka pale samaki anaponasa. Hapo huwa nimeshasinzia. (Mtu aliyebeba maboksi wiki nzima angefika mbele ya hapo? Msinihukumu.) Hilo mlishike, maana ndilo lililoniponza.

Basi leo Nora kaja. Huku Texas samoni hakuna, ila majira ya baridi huwa wanamwaga trauti kwenye mabwawa ya mjini ili watu wavue, na Babu anasema trauti na samoni ni mtu na binamu yake. Nora akaniambia pembeni kwamba akimwona baba yake amesimama kwa miguu yake na kuvua, habari ya Houston ataiweka kando. Nikamjibu hakuna shida, hilo niachie mimi. (Mdomo wangu huu.)

Tukafika bwawani asubuhi, ukungu haujaisha. Watu wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, wamenyamaza kama wako kanisani. Babu hatumii chambo. Ndoano yake ameivika manyoya na nyuzi, ameifunga mwenyewe, ifanane na mdudu. Nilipouliza kwa nini tusichimbe minyoo tu, aliniangalia kama nimemtukania mama yake.

Kazi yangu ilikuwa kumshika mkanda kwa nyuma asianguke. Akarusha. Tukangoja. Akarusha tena. Mgongo wangu ukaanza kulalamika, macho yakaanza kufunga, nikawa nasinzia wima nikiwa nimeshika mkanda wa mtu. Ghafla mkanda ukanivuta. Samaki!

Babu alipigana naye, Nora anaomba Mungu, mimi nimekaza mkanda. Mwisho nikamchota kwa wavu pale ukingoni. Trauti mnene, ana mstari wa pinki ubavuni. Babu akakaa kwenye kiti chake akihema, amefumba macho, anatabasamu. Tangu nimjue sijawahi kumwona hivyo. Nora akafuta machozi, akaniambia nibaki na samaki, anakimbilia kamera garini.

Gari lilikuwa mbali.

Jamani, mimi ni mtu wa Musoma. Kwetu samaki akishatoka majini hana safari nyingine, safari yake ni jikoni. Kumwacha anarukaruka ni kumtesa, na kuchelewa kumsafisha ni kumharibu. Nikavua kiatu, nikampa kisigino kimoja cha kichwa. Kisu cha kumenyea machungwa kilikuwa mkobani. Ndimu na chumvi pia, kwa sababu mtu akikuambia mnakwenda kuvua, wewe unabeba nini? Nikampasua, nikatoa utumbo nikawarushia bata, nikamchanja mistari mbavuni, nikamsugua chumvi, nikamkamulia ndimu. Kazi safi. Mama yangu angejivunia.

Nora akarudi anakimbia na kamera.

"Samaki yuko wapi?"

Nikamwinulia. Yaani nilimwinua kwa madaha kabisa, nikatabasamu kwa ajili ya picha.

Nora hakupiga picha. Alimwangalia yule samaki, akaangalia ndimu, akakaa chini kwenye majani. Kisha akaniambia taratibu, bila hasira, na bora angenifokea. Samaki wa kwanza wa mwaka, baba yake Babu alikuwa akimrudisha mtoni kwa mikono yake. Babu Cormac naye amefanya hivyo maisha yake yote. Leo ndilo jambo pekee aliloomba.

"Hajawahi kukuambia, Eliza? Ndio mwisho wa hadithi yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Jamaa mmoja wa suruali za mpira alinitikisia kichwa. Na hapo, wenzangu, akili ya mtu aliyechoka ilifanya kazi yake. Nikapiga magoti ukingoni, nikamrudisha samaki majini.

Ndiyo. Yule yule. Bila utumbo, na chumvi yake.

Nikamsukuma kidogo mkiani, kumtia moyo. Akazama moja kwa moja. Maji yalikuwa mafupi, kwa hiyo kila mtu alimwona vizuri kalala chini kwa ubavu, mistari yote inaonekana, na kipande cha ndimu kikaibuka kikaanza kuelea. Bata akakimeza, akakitema, akanigombeza kwa sauti.

Nikasikia mlio nyuma yangu. Nikajua ndiyo basi, moyo wa mzee umesimama, na nimemuua mimi. Nikageuka. Babu alikuwa anacheka. Anacheka mpaka anakohoa, machozi yanamtoka, ameshika tumbo, anajaribu kusema kitu anashindwa. Nora akamkimbilia akidhani ni kifafa, naye akaishia kucheka. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa naona aibu, na magoti yangu yalikuwa yameloa.

"Mtoe huyo," Babu akasema alipopata pumzi. "Nina njaa."

Nikamtoa. Tukarudi nyumbani nikamkaanga, nikamtilia nyanya na kitunguu, na Babu Cormac akala sahani nzima, akafyonza mpaka kichwa. Nora alimtazama mpaka akamaliza. Baadaye akachukua simu akaipigia ile nyumba ya Houston, akawaambia nafasi wampe mtu mwingine.

Halafu Babu akajiegemeza kitini akaanza upya: mto, baridi, baba yake, maji ya kiuno. Safari hii nimeisikiliza mpaka mwisho, macho kodo, kwa sababu Nora alikuwa amekaa mbele yangu ananiangalia, na kisu changu kilikuwa kwenye mkoba wake.

Atakayecheka, kesho aje anishikie mkanda.